Wasimsindikize Baba

Ekero,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama yangu mpendwa,

Mulembe sana. Mgongo unasemaje baada ya palizi? Na Nyanya, bado anaikataa dawa ya kifua kwa sababu ni chungu, au mmemshinda safari hii? Mwambie Kisia kwamba habari za kulala na viatu vyake vipya miguuni zimefika mpaka huku Ekero, na watu wanacheka. Sisi ni wazima. Nimeandika "sisi" kwa makusudi, maana najua macho yako yamerukia hapo kwanza. Mimi ni mzima, na Baba ni mzima kwa namna nitakayokueleza bila kukuficha kitu.

Yule mama anayeuza maharagwe alinifikishia ujumbe wako siku ya soko. Alinivuta kando akaninong'oneza kama mtu aliyebeba habari za msiba. Alisema umesikia kwamba Baba hawezi tena kazi, kwamba kila siku saa sita watu wanamrudisha nyumbani wakiwa wamemzunguka, na kwamba Baba Mkubwa ameazima pikapu aje Jumamosi hii inayokuja amchukue, arudi Mautuma aachane na miwa kabisa. Mama, aliyekuambia hakudanganya. Aliona alichokiona. Ila hakukielewa, na mimi pia sikukielewa, na hata wale wenyewe waliokuwa wakikifanya hawakukielewa. Ndiyo maana nimekaa chini leo leo kuandika, barua hii iifikie pikapu kabla haijawashwa.

Unanijua mimi na kusema. Watu wakinitazama, ulimi unalala. Kwenye karatasi naweza, kwa hiyo nivumilie ikiwa ndefu.

Nianze na siku aliyorudi kazini. Uliponiambia nije kukaa naye, niwe jicho lako, nilikubali kwa kichwa tu. Sikukuambia kwamba nilikuwa nikimwogopa. Sasa nakuambia. Yule Baba aliyekaa akitazama ukuta kabla hamjampeleka hospitali ya Kakamega, aliyekuwa hajibu hata akiitwa na Nyanya, nilidhani bado yuko ndani ya huyu aliyenyolewa vizuri, anayesema "asante" kwa kila kitu. Na nilifanya kama ulivyoniagiza. Kisu cha jikoni nilikifunga kwenye gazeti nikakipeleka kwa Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu. Sukuma wiki nilikuwa naikata kwa mikono, naichana vipande vipande kama mtu anayechana matambara. Baba alikula bila kusema neno. Kikombe kile kimoja chenye sahani yake nilimpa yeye kila asubuhi. Nilikuwa nikimkaribisha mezani: "Karibu, Baba." Nyumba ni yake, kodi analipa yeye, halafu mimi ndiye namkaribisha.

Asubuhi ile aliamka mapema kuliko king'ora cha kiwanda. Alivaa lile koti la kazi ulilolitia kiraka kinene begani, pale mzigo wa miwa unapokaa. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo kwa sababu ya dawa, vifungo vikamsumbua, nami nikajifanya natafuta chumvi nisione. Akasema, "Nikishapanda juu ya trela nitakuwa sawa."

Mama, wewe hujawahi kumwona akiwa juu ya trela. Mimi niliona likizo ile ya mwaka juzi. Wapakiaji wanabeba miwa mabegani wakipanda ubao, na juu kuna mtu mmoja tu wa kuipokea na kuilaza, mashina huku, vichwa kule, ishikane, isije ikamwagika trekta likiingia kwenye mashimo ya barabara. Huyo mtu wa juu ndiye alikuwa Baba. Akiwa kule anaonekana mrefu kuliko miwa yenyewe, na siku hizi miwa imepandwa mpaka kwenye milango ya watu, huoni jirani. Na matusi, Mama! Dereva wao, Osundwa, ni mtu wa hapa hapa, anamwambia Baba, "Nyinyi Wamaragoli mmezaliwa juu ya mawe, ndiyo maana unaogopa kushuka chini." Naye Baba anajibu kutoka juu, "Na nyinyi mliozoea kuwa na mfalme mnangojanga mfalme aje awainamie mzigo." Siku nzima hivyo, mpaka trela linajaa.

Basi siku ya kurudi, shule zilikuwa hazijafunguliwa, nikampelekea uji saa nne. Nilipotokea kwenye njia ya trekta katikati ya shamba niliona kitu ambacho sijawahi kukiona. Kiti. Kiti cha kitambaa, kile cha kukalia wageni sebuleni, kimewekwa pale juu ya majani makavu ya miwa, na mtu ameshika mwavuli, na chini ya mwavuli amekaa Baba, mikono juu ya magoti. Nyapara wao, Mzee Shiundu, alikitoa nyumbani kwake, wakakibeba kwa trekta. Wenzake walikuwa wanapita na mizigo mabegani, na kila anayepita anatabasamu na kumuuliza, "Umelala vipi, ndugu?"

"Nimelala vizuri."

Anapita mwingine. "Umelala vipi, ndugu?"

"Vizuri."

Mapanga yote walikuwa wameyakusanya wakayaficha nyuma ya kiti cha dereva. Nani aliwaambia? Hakuna. Walifikiri wenyewe, kama wewe, kama mimi. Na aliyekuwa juu ya trela, kwenye nafasi ya Baba, ni Makokha, yule mwenzake wa siku zote ambaye zamani alikuwa anamrushia mzigo. Alikuwa anapanga vibaya. Hata mimi niliona. Baba aliona zaidi yangu, lakini alinyamaza.

Saa sita walikuwa na kuku. Walichanga wakanunua jogoo mzima, mke wa nyapara akampika, na firigisi ikawekwa peke yake kwenye sahani ya Baba. "Hii ni ingokho ya heshima," Mzee Shiundu akasema, akaomba, akashukuru Mungu kwa kumrudisha mwenzao. Aliomba akalia. Mama, naapa walikuwa wanampenda, usije ukafikiri vingine. Baba aliitafuna ile firigisi muda mrefu sana.

Halafu wakamsindikiza. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia nyapara kwamba Baba aanze na nusu siku, mpaka mwili uizoee dawa, na kwamba wamshughulikie vizuri. Sasa wao kushughulikia mtu vizuri wanajua namna moja, ile unayoijua hata wewe. Mmoja alibeba koti lake, mwingine akabeba sufuria yangu ya uji, wakatembea naye polepole wakizungumza habari za mvua mpaka barabarani hapa Ekero, na pale barabarani wakampa mkono mmoja mmoja. "Asante kwa kuja." "Usalimie nyumbani." Ndivyo alivyofika Ekero, watu wamemzunguka, na mama wa maharagwe akiwa dukani anaangalia.

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Kiti, mwavuli, umelala vipi, mkono barabarani. Mimi nilikuwa nafurahi! Nilikuwa tayari nimekuandikia kichwani kwamba wenzake ni watu wema, hawamruhusu kuinua hata muwa mmoja.

Lakini Baba alikuwa anapungua. Sijui niseme vipi. Aliporudi kutoka kwenu alikuwa anaongea kidogo, sasa akawa haongei. Alikuwa anafika nyumbani saa sita na nusu anakaa kwenye ngazi mpaka jioni, akiwa na viatu vya kazi ambavyo havijashika hata utomvu wa miwa. Nikisonga ugali, obusuma ule anamega mara mbili anaacha. Mama Zuhura akipita anasema, "Assalamu alaikum, mzee wangu, leo vipi?" na yeye anajibu kwa heshima, basi, kimya.

Ijumaa moja nilikuwa nimekaa naye hapo nje, nachambua mchele. Kuwa mtu asiyesema kuna faida yake, wengine wanakuzoea kama ukuta, wanaongea. Akaniuliza bila kunitazama:

"Rispa, mgeni akija nyumbani kwetu akala kuku, halafu mama yako akabeba mkoba wake wakaenda naye mpaka njia kuu, hapo mama yako anamwambia nini?"

Nikasema, "Anamwambia kwaheri."

"Eeh," akasema. "Mimi wananiambia kwaheri kila siku. Wanaona aibu kunifukuza, ndiyo wananifukuza kwa adabu. Kesho namwambia Shiundu ampe mtu mwingine nafasi yangu. Mtu akishaambiwa kwaheri mara hizo zote, naye si aondoke?"

Nilitaka kusema kitu. Nilichambua mchele ule mpaka ukaisha mawe na ukawa hauna cha kuchambuliwa. Nikakumbuka "Karibu, Baba" na kikombe chenye sahani. Akaingia ndani kulala, na jua bado liko juu.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Alinywa dawa, nayo asubuhi inamlegeza, akasema atalala kidogo ndipo aende kutoa neno lake kwa nyapara. Alipolala nilitoka. Sikujiambia naenda wapi, maana ningejiambia nisingeenda. Trekta lao lilikuwa kwenye foleni ya miwa nje ya kiwanda, foleni ndefu siku hizi, watu wanalala humo, na wenyewe walikuwa wamekaa chini ya trela lao wakila miwa. Waliponiona wakasimama wote.

"Ni Baba? Kuna nini?" Mzee Shiundu akauliza.

Mama, nilisimama pale kama nguzo. Mbele yangu wanaume wazima wananitazama, na harufu ile ya molasi, na injini zinanguruma. Sauti yangu ilitoka ndogo sana. Nikasema, "Msimsindikize Baba."

Wakatazamana. Osundwa akacheka kwa woga, akasema, "Binti, barabarani haitoshi? Sema tu, tutamfikisha mpaka kitandani!"

"Hapana," nikasema, na nikaanza kulia, unavyojua machozi yangu yanavyotangulia maneno. "Anayesindikizwa ni mgeni. Baba si mgeni. Mmempa kiti, mmempa firigisi, mnamwambia asante kwa kuja. Anasema mnamfukuza kwa adabu. Leo anakuja kuacha kazi."

Trekta la mbele lilisogea, watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele Osundwa asogee naye, yeye hakusogea. Makokha ndiye alisema kwanza, naye alikuwa anauambia muwa alioushika, si mimi.

"Mimi namwogopa," akasema. "Si kwamba atanipiga. Naogopa nikimtania nitamvunja. Kwa hiyo namuuliza amelala vipi. Kila siku nauliza hilo. Sina lingine."

Mzee Shiundu alivua kofia. "Daktari alisema nusu siku. Hilo siwezi kulivunja, mtoto wangu."

"Usilivunje," nikasema. "Arudi saa sita. Lakini arudi peke yake kama mtu aliyemaliza kazi. Na mumuulize anachotaka. Kabla ya saa sita, afanye nini. Mumuulize yeye."

Yule mzee akaikunja ile kofia mikononi, akasema taratibu, "Kweli. Nimemuuliza daktari, nimemuuliza mke wangu, nimemuuliza mchungaji. Yeye sijamuuliza."

Nilikimbia kurudi nyumbani. Sikuaga. Njiani nilipitia kwa Mama Zuhura nikamwomba kisu changu. Akanifungulia gazeti, akakifuta kwa kanga yake, akanipa bila kuniuliza neno. Mchana ule nilikata sukuma nyembamba kama nywele. Baba aliiangalia kwenye sahani, akaniangalia mimi. "Kumbe tulikuwa na kisu," akasema. Akala yote. Mama, wewe ndiye uliyeniambia nikifiche na najua ulisema kwa upendo. Lakini sitakificha tena, naomba usiniambie.

Hakwenda kutoa neno lake. Alikuwa amefunga kamba za viatu tayari kwenda, ndipo Mzee Shiundu akaja mwenyewe kwa baiskeli. Nilitoka nje niwaache. Sikusikia yote. Nilisikia nyapara akiuliza, "Sasa wewe unaonaje?" kisha Baba akisema jambo refu, akakwama, akaendelea. Baadaye alinieleza mwenyewe. Alimwambia kwamba juu ya trela bado hawezi, kwa sababu dawa inamtia kizunguzungu akiwa mahali pa juu, na hilo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuulizwa. Alimwambia asubuhi ile mapema mwili hauko, kwa hiyo akianza saa mbili badala ya kumi na mbili atafaa zaidi. Alimwambia anaweza kubeba, anaweza kufunga minyororo, anaweza kukaa chini akamwongoza Makokha namna ya kupanga, "kwa sababu anapanga kama mtu anayetupa takataka." Na alimwambia kiti kirudi sebuleni.

Nyapara akasema, "Na siku ukiona kumekuwa kubaya?"

Baba akasema, "Nitakuambia. Lakini msinitazame usoni kutafuta. Ngojeni nikuambieni."

Jumatatu nilikuwa shuleni. Niliporudi saa saba kula chakula cha mchana nilimkuta amesimama katikati ya chumba, kofia bado kichwani, amekasirika. Mama, amekasirika kweli kweli!

"Unajua yule mshenzi Osundwa ameniambia nini?"

"Hapana, Baba."

"Mbele ya watu wote! Nimefunga mnyororo, ukalegea kidogo, kidogo tu, anasema, 'Ati huyu alikwenda Kakamega kupumzika, sisi tukabaki tunafanya kazi, sasa amerudi na mikono ya karani.' Mikono ya karani! Mimi!"

"Wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hata mimi nikiwa nimelala hospitali, nilikuwa nafanya kazi kuliko yeye akiwa macho." Akavua kofia akaitupa kitandani. "Makokha akacheka mpaka akadondosha mzigo. Na huyo Makokha! Nimemwambia alaze vichwa huku, analaza kule. Nimemwambia ashushe, apange upya. Alinuna! Tumechelewa kwa sababu yake. Chakula kiko wapi? Nina njaa."

Nilimpakulia nikiwa nimempa mgongo asinione uso. Alikula akiwa anamtukana Osundwa kati ya tonge na tonge. Begani, kwenye kile kiraka chako, kulikuwa na utomvu wa miwa umekauka.

Hapo ningependa kumalizia, lakini niliahidi sitakuficha. Alhamisi haikuwa nzuri. Hakuamka. Nilimletea chai ikapoa. Alikuwa ameelekea ukuta, nikahisi ile hofu ya zamani inapanda kutoka miguuni. Nilikaa pembeni yake, sikujua la kufanya, nikaanza kusoma kwa sauti kitabu changu cha Kiingereza cha shule, sijui kwa nini, habari za mtu na mbwa wake. Baadaye akasema, bila kugeuka, "Huyo mbwa anasemaje kwa Kiswahili?" Nikamtafsiria. Sikwenda shule siku hiyo, nisamehe.

Mchana Makokha akaja. Alisimama mlangoni na matope yake, hakuingia, hakuwa na kuku wala sukari. Nikaona anatafuta neno na hataki kutumia lile la "umelala vipi".

Baba ndiye alianza. "Leo kichwa kimekuwa kizito," akasema. "Nimeshindwa."

Makokha akasema, "Sawa." Akasimama kidogo. "Kesho tunaanza shamba lile la nyuma ya kanisa. Miwa imeanguka na upepo, itakuwa taabu. Nafasi yako hajashika mtu." Akaondoka.

Baba alielekea tena ukuta. Lakini jioni alitoka nje akanawa uso, na Ijumaa saa mbili alikuwa njiani. Alirudi saa sita na nusu. Nilikuwa nimemaliza mtihani mapema, nikamwona kwa mbali anatembea kwenye barabara ile ya vumbi, trekta zinampita, koti amelibeba mwenyewe begani. Hakuna aliyekuwa naye. Sijawahi kufurahi kumwona mtu akiwa peke yake namna ile.

Kwa hiyo Mama, hivyo ndivyo alivyo. Hajapona kama mtu anavyopona malaria. Dawa anakunywa, mimi nashuhudia, na mwisho wa mwezi Mzee Shiundu amempa ruhusa arudi Kakamega kwa daktari bila kupoteza nafasi. Kuna siku zitakuwa kama Alhamisi. Sijui ni ngapi, na hakuna anayejua. Lakini kazini wanamtaka, na nyumbani kwetu hapa simwogopi.

Nilipokuwa nataka kuanza barua hii leo niliona kwamba wewe unataka arudi, Baba Mkubwa anataka arudi, mimi nataka abaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mwenyewe. Mimi niliyekwenda kulia mbele ya wanaume kwamba wamuulize, sikuwa nimemuuliza! Basi tulipotoka kanisani nikamwambia ujumbe wako wote, pamoja na pikapu. Nikamuuliza, "Baba, unataka kwenda nyumbani?"

Aliendelea kutembea. Tulipita duka la redio, tukapita kwa fundi baiskeli. Nilidhani nimemuumiza.

Akasema, "Nataka. Kila siku nataka. Nataka kumwona mama yako, na yule Kisia na viatu vyake." Akatembea tena. "Lakini mwambie nitakuja Krismasi. Wanaume wote wa Mautuma walio kwenye kazi wanakuja Krismasi, wanateremka barabarani na mizigo yao, na watoto wanakimbia kuwapokea. Nataka kuja hivyo. Nikija Jumamosi kwa pikapu nitakuwa nimeletwa."

Mama, nakuomba, mzuie Baba Mkubwa. Mwambie kwa ule upole wako unaomshinda. Kama moyo wako hautulii, panda basi uje wewe, ulale hapa siku mbili, umwone kwa macho yako. Chumba ni kidogo, nitalala kwa Mama Zuhura, amekubali. Kisha urudi, umwache aje mwenyewe.

Msalimie Nyanya na umwambie dawa ya Baba ni chungu kuliko yake na anainywa. Msalimie Kisia na mdogo wake aliyeanza kutembea, ambaye sijamwona akitembea. Msalimie Baba Mkubwa, tena kwa heshima, nisionekane nampinga, na mkewe aliyetuazima majembe. Msalimie mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili ukimkuta kanisani. Mama Zuhura anakusalimu kwa salamu zake zote, na ni nyingi.

Baba amelala sasa, usingizi wa kawaida, anakoroma. Kesho ni kazi.

Mimi mtoto wako akupendaye,
Rispa